Haki ya Kuongeza Alama

Miongoni mwa maswali ambayo falsafa ya lugha imeyarithi kutoka kwa wafasiri wa vitabu vitakatifu, lipo moja linaloonekana dogo mpaka litazamwe kwa karibu: alama iliyoandikwa hupata wapi maana yake, na ni nani mwenye haki ya kuongeza nyingine juu ya maandishi ambayo watu tayari wanayasoma? Wanazuoni wa qiraa, yaani elimu ya namna za kuisoma Kurani, walilijadili swali hili karne nyingi kabla ya kompyuta kuwapo. Leo linaulizwa upya, mara nyingi bila anayeuliza kujua kwamba amegusa jambo la kale, kila mtayarishaji wa programu anapoketi kukiongezea kichanganuzi cha maandishi kanuni ambayo hakikuzaliwa nayo. Kichanganuzi ni programu inayopokea mfuatano wa herufi na kuamua kipi ni kichwa cha habari, kipi ni aya, kipi ni neno la kutiliwa mkazo. Na programu-jalizi ni kipande cha msimbo kinachochomekwa ndani yake ili kitambue alama mpya. Kazi hiyo huhesabiwa kuwa ya ufundi mtupu. Insha hii inashikilia kwamba ina uzito wa kimaadili pia, kwa kuwa anayeipa alama maana mpya huwafunga watu asiowajua, wakiwemo wale ambao hawatawahi kukiona kile alichokiandika.

Mfano unaofaa zaidi ni Markdown, lugha ya alama iliyotangazwa mwaka 2004 na John Gruber, ambaye katika kuibuni alishirikiana na Aaron Swartz. Lugha ya alama ni utaratibu wa kuchanganya maneno na ishara zinazoeleza muundo wa maneno hayo, na Markdown iliziokota ishara zake kutoka katika desturi ambazo watu walikuwa nazo tayari walipoandikiana barua pepe: kinyota pande mbili za neno kwa kulitilia mkazo, kistari mwanzoni mwa kila kipengele cha orodha, na kadhalika. Kusudi la Gruber lilikuwa kwamba maandishi ghafi yasomeke na binadamu kama yalivyo, hata yasipopita katika mashine yoyote. Lakini maelezo yake ya awali yaliacha mianya mingi, kila kichanganuzi kikaiziba kwa namna yake, na mwaka 2014 John MacFarlane pamoja na wenzake wakatoa CommonMark, maelezo rasmi ambayo sasa yana mifano zaidi ya 600 inayoonyesha maandishi fulani yanapaswa kutoka vipi.

MacFarlane ni profesa wa falsafa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na mwaka uleule wa 2014 alichapisha kitabu kinachotetea rai kwamba ukweli wa baadhi ya kauli hautegemei tu mazingira ya aliyesema, bali hutegemea pia mazingira ya yule anayeipima kauli hiyo. Haidaiwi hapa kwamba kazi moja iliizaa nyingine. Hata hivyo, aliyezoea kushughulika na vichanganuzi hawezi kuisoma rai hiyo bila kuitambua, maana kinyota kilekile katika faili lilelile ni mkazo mbele ya kichanganuzi kimoja na ni kinyota tu mbele ya kingine, na hakuna chochote ndani ya faili kinachoweza kuamua kati ya viwili hivyo. Mwandishi amekwisha kuondoka; aliyebaki ni mpimaji. Plato aliyalalamikia maandishi kwa sababu hiyohiyo katika mazungumzo yake yaitwayo Phaedrus, aliposema kwa kinywa cha Socrates kwamba neno lililoandikwa, likionewa, haliwezi kujitetea lenyewe bali humhitaji mzazi wake alisaidie.

Katika CommonMark lipo jambo moja ambalo halijapewa heshima linayostahili, nalo ni kwamba kila mfuatano wa herufi, uwe wowote, ni maandishi halali. Kichanganuzi hakimkatalii mtu wala hakimwambii kwamba amekosea. Kinyota kilichofunguliwa bila kufungwa hurudi kuwa kinyota, na mabano yasiyokamilika kuwa kiungo, yaani rejeo la kumpeleka msomaji mahali pengine, hubaki kuwa mabano. Maana yake ni kwamba hali ya asili ya kila herufi ni kuwa herufi, na kazi ya kuashiria ni cheo cha ziada ambacho herufi hukipata masharti yakitimia na kuvuliwa yasipotimia. Anayeandika programu-jalizi, basi, haongezi kitu mahali palipokuwa patupu. Huchukua mfuatano wa herufi ambao hadi jana ulijisimamia wenyewe na kuutia katika utumishi.

Mfano wa karibu utalionyesha jambo hili vizuri zaidi kuliko maelezo. Shairi la kawaida la Kiswahili lina ubeti wa mishororo minne, na kila mshororo una mizani 16 zilizogawanyika nusu kwa nusu, ukwapi wa mizani 8 na utao wa mizani 8, huku kina cha kati kikiufunga ukwapi na kina cha mwisho kikiufunga utao. Mhariri anayeandaa diwani kwa Markdown hugundua mara moja kwamba lugha hiyo haikuwafikiria washairi: mishororo iliyofuatana bila mstari mtupu kati yake huhesabiwa kuwa aya moja, na kivinjari, yaani programu ya kusomea kurasa za intaneti, huigeuza mikato ya mistari kuwa nafasi tu, ubeti ukatoka umelala kama nathari. Mhariri huyo akiamua kuandika programu-jalizi itakayoutambua ubeti na kuugawa kila mshororo mahali pake, swali la kwanza linalomkabili ni alama gani aitumie kati ya ukwapi na utao.

Kwa jicho la binadamu mstari wa wima ungefaa, kwa kuwa unafanana na ukuta mwembamba kati ya vyumba viwili. Lakini akitumia markdown-it, kichanganuzi mashuhuri kilichoandikwa kwa JavaScript, atakuta kwamba mstari wa wima haumsaidii. Kichanganuzi hicho hupitia yaliyomo ndani ya aya kwa mlolongo wa kanuni, na ya kwanza kabisa ni kanuni ya matini tupu, ambayo kazi yake ni kupita mbio juu ya kila herufi isiyoweza kuanzisha jambo, mpaka ifike kwenye mojawapo ya alama zilizoorodheshwa kwamba zinaweza. Mstari wa wima haumo katika orodha hiyo. Kanuni mpya ya mhariri inaweza kuwa imeandikwa bila kosa hata moja na bado isipate kuitwa, kwa sababu kabla ya zamu yake kufika, alama yake imekwisha kumezwa pamoja na maneno yaliyoizunguka. Kwa kichanganuzi alama hiyo haikukataliwa, haikuonekana kabisa. Ludwig Wittgenstein alisisitiza kwamba hakuna kanuni inayobeba ndani yake namna ya kutumiwa kwake, na hapa jambo hilo linashikika kwa mkono: kanuni ipo, nayo ni sahihi, lakini haina uwezo wa kujiita.

Ndani ya msimbo wa kanuni hiyohiyo ya matini tupu, waliouandika waliacha maelezo mafupi kwamba baadhi ya alama, zikiwemo alama ya dola, ya asilimia, ya kujumlisha na nukta pacha, zimewekwa akiba kwa ajili ya viongezo. Ni mstari mmoja tu wa maelezo, lakini unastahili kutafakariwa. Kiswahili kina njia nzuri ya kuufikiria, kwa kuwa neno uakifishi, ambalo vitabu vya sarufi hulitumia kwa utaratibu wa nukta na mikato, na neno wakfu, yaani mali iliyotolewa kwa ajili ya Mungu isiuzwe wala isirithiwe, yote mawili hurejea kwenye shina moja la Kiarabu lenye maana ya kusimama au kusimamisha. Nukta humsimamisha msomaji; wakfu huisimamisha mali isizunguke tena mikononi mwa watu. Alama zile zilizotengwa ni wakfu kwa maana inayokaribia ile kamili: usomaji husimama kila unapozifikia, ingawa bado hazina kazi, kwa manufaa ya watu ambao walipotengewa hawakuwa wamefika. Kuacha nafasi kwa wasiokuwapo ni adabu ambayo ufundi haukulazimika kuwa nayo.

Mhariri, basi, huchagua alama ya asilimia. Papo hapo hukutana na deni la uchaguzi wake, kwa kuwa dibaji ya diwani hiyohiyo inaweza kutaja 5% ya jambo fulani, na kanuni isiyo na hadhari ikaikata sentensi ya hesabu kama kwamba ni mshororo. Dawa ya kwanza ni kuibana kanuni: alama ihesabiwe kuwa mgao pale tu inapokuwa na nafasi kushoto na kulia, tena ndani ya ubeti, si kwingineko. Dawa ya pili ameikuta tayari, kwa maana CommonMark humruhusu mwandishi kutanguliza mkwaju uliolalia nyuma mbele ya yoyote kati ya alama 32 za uakifishi zilizomo katika seti ya msingi ya herufi za kompyuta, na alama iliyotanguliwa hivyo husomwa kama yenyewe tu. Ruhusa hiyo inazihusu hata zile ambazo Markdown haikuzipa kazi yoyote, alama ya asilimia ikiwemo, kiasi kwamba haki ya kutotumika ilitangulia utumishi wenyewe. Programu-jalizi inayotambua alama yake kabla ya mkwaju huo kupewa nafasi inapora haki hiyo, na upo msingi wa kuliita kosa hilo dhuluma ndogo, kwa sababu inamnyima mwandishi njia ya kusema kitu chepesi kuliko vyote, kwamba hapa alikusudia herufi na si kitu kingine.

Mengine yanayodaiwa na kichanganuzi yanaweza kutajwa kwa upesi. Kanuni wakati mwingine huulizwa kimyakimya kama ingeikubali alama iliyo mbele yake, bila ruhusa ya kutoa chochote, na ile isiyotofautisha kuulizwa na kuamriwa hutoa tokeni, yaani vipande vya matokeo, mahali ambapo havikuombwa. Tena, kanuni ikisema imekubali ni lazima isogeze mbele kielekezi cha kusomea, la sivyo usomaji mzima hukwama kwenye herufi ileile.

Suala la kanuni ipi itangulie linadai kukaliwa zaidi, kwa kuwa ndilo linaloirudisha mada kwenye dini. Katika Python-Markdown, kichanganuzi kingine kinachotumika sana, kila kanuni ya ndani ya aya husajiliwa kwa nambari ya kipaumbele, na yenye nambari kubwa hutangulia: kanuni ya vipande vya msimbo ina 190, ile ya mkwaju wa kuikinga alama ina 180, na ile ya mkazo iko mbali chini kwa 60. Kwa kuwa 190 hutangulia 180, mkwaju ulioandikwa ndani ya kipande cha msimbo hauna nguvu yoyote, hubaki mkwaju. Hakuna anayeweza kuligundua hilo kwa kuyatazama maandishi, hata akiyatazama mwaka mzima. Limeamuliwa nje yake, katika orodha ya nani amtangulie nani, na anayeandika programu-jalizi hulazimika kujichagulia nambari katika orodha hiyo, akisema kwa tendo lake ni sauti zipi zisikike kabla ya yake na zipi zingoje.

Augustino wa Hippo, aliyefariki mwaka 430, alipanga orodha ya namna hiyo katika kitabu chake cha mafundisho juu ya kuyafasiri Maandiko. Misahafu ya Kilatini ya zama zake kwa kawaida iliandikwa maneno yakiwa yameshikamana, bila nafasi na kwa alama chache za kituo, hata msomaji akalazimika kuamua mwenyewe sentensi iishie wapi. Augustino alitoa mfano wa mwanzo wa Injili ya Yohana, ambapo waliokanusha uungu wa Neno waliweza kukihamisha kituo na kuianza sentensi nyingine mapema, wakaiepuka kauli kwamba Neno alikuwa Mungu bila kubadili herufi hata moja. Jibu lake halikuwa kwamba herufi zenyewe zinawakataa, maana alijua haziwakatai. Alisema kwamba kanuni ya imani itangulie, nayo ikishindwa kuamua, muktadha wa kabla na baada uamue, na vyote viwili vikiruhusu usomaji zaidi ya mmoja, msomaji awe huru kuchagua. Hizo ni nambari za kipaumbele kwa maana halisi, na ukweli ulio ndani yake ni kwamba Augustino aliutaja waziwazi mpangilio aliousomea, akamwachia asiyekubaliana naye mahali pa kuushika na kuubishia.

Katika Uislamu mfano ulio mkubwa zaidi uko katika aya ya 7 ya sura ya Al-Imran, inayozungumzia aya zilizo wazi na zile zenye kufanana, na kuuliza ni nani ajuaye tafsiri ya hizi za pili. Msomaji akiwakifu baada ya jina la Mwenyezi Mungu, ujuzi huo ni wa Mungu peke yake, na wale waliobobea katika elimu huanza sentensi mpya wakikiri imani yao. Akiunganisha, waliobobea huingia nao katika ujuzi. Wengi wa wanazuoni wamewakifu hapo, na wengine, akiwemo Mujahid, mfasiri wa awali aliyesoma kwa Ibn Abbas, wameunganisha. Aya inayohusu mipaka ya tafsiri, basi, yenyewe inategemea mahali pa kusimamisha pumzi. Muhammad bin Tayfur al-Sajawandi alipotunga katika karne ya 12 mfumo wa vialama vya waqfu, herufi ndogo zinazomwonyesha msomaji pa kusimama kwa lazima, pa kusimama kwa hiari na pasipofaa kusimama, alikuwa akiongeza kanuni za usomaji juu ya maandishi ambayo hakuna Mwislamu angethubutu kuyaongezea neno.

Namna ambavyo jambo hilo liliruhusiwa inapaswa kumfunza kila mwandishi wa programu-jalizi. Misahafu ya mwanzo haikuwa na irabu, na hata nukta za kutofautisha herufi zilikuwa chache. Zilipoanza kuongezwa kulikuwa na hofu ya kweli kwamba nyongeza ingekuja kudhaniwa kuwa asili. Imepokewa kutoka kwa Malik bin Anas, imamu wa Madina aliyefariki mwaka 795, kwamba hakuona ubaya nukta kutiwa katika misahafu midogo ambayo watoto hujifunzia, lakini hakuzikubali katika misahafu mama. Abu Amr al-Dani wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1053, aliitaka irabu iandikwe kwa wino mwekundu na akaukataa wino mweusi, kwa sababu mweusi ungechanganyika na rasm, yaani umbo la msingi la herufi. Kwa jicho la leo hao walikuwa wakitenganisha tabaka: matini katika wino mmoja, maelekezo ya kusomea katika mwingine, kiasi kwamba macho yaliyofumbwa kwa wekundu yangeiona rasm ikiwa nzima. Kipimo walichokitumia hakikuwa kama nyongeza inasaidia, maana kila mtu aliona kwamba inasaidia. Walipima kama inaweza kuondolewa bila kuacha jeraha.

Kiswahili chenyewe kimewahi kupimwa kwa kipimo hicho. Hati ya Kiarabu, ambayo kwa karne kadhaa ndiyo iliyoyabeba maandishi ya pwani, haina herufi ya p, wala v, wala ch, na haitofautishi irabu e na i, au o na u. Waandishi wa kale waliikubali hali hiyo na kumtegemea msomaji: p iliandikwa kwa be, na hata mb mara nyingi iliandikwa kwa be hiyohiyo, na neno moja lingeweza kuwa baba, au papa, au bapa, au pamba, mpaka muktadha na mizani viamue. Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, mtu ambaye kumbukumbu zake zilisaidia sana kuokoa mashairi ya Muyaka yasipotee, alizipa herufi hizo alama za ziada ili sauti za Kiswahili zipate sura zao. Alichukua herufi zilizokuwapo na kuzitia vialama, akaacha mwili wa herufi ukitambulika. Aliyezoea hati ya zamani angeweza kuupitia ukurasa mpya akivipuuza vialama na bado akasoma kama baba zake walivyosoma, na aliyevijua vialama angesoma bila kukisia. Pande zote mbili zilibaki na ukurasa mmoja.

Yupo atakayepinga kwamba kulinganisha msahafu na faili la Markdown ni kuukweza ufundi au kuushusha utakatifu. Pingamizi hilo lina nguvu kwa upande wa heshima, na halina nguvu kwa upande wa muundo wa jambo lenyewe. Utakatifu wa maandishi haukuwaonyesha wanazuoni tatizo lisilokuwapo kwingine. Uliwafanya waogope kosa ambalo kila mwandishi anaweza kulitenda, na kwa kuwa waliogopa, wakalitazama kwa makini. Kuna pia atakayesema kwamba ni heri lugha ya alama ifungwe, asiongeze mtu. Lakini lugha iliyofungwa ingeuacha ubeti umelala kama nathari, na hasara hiyo ingemwangukia mshairi ambaye hakuwapo kanuni zilipopangwa.

Lililo zito ni kwamba programu-jalizi nyingi huandikwa kwa kuwaangalia wale tu watakaokuwa nayo. Hujaribiwa mbele ya kichanganuzi kilichokwisha kuongezewa, huonekana zinafanya kazi, na hutolewa. Ilhali jaribio lenye haki lingekuwa kuyafungua maandishi yaleyale mahali ambapo programu-jalizi haipo, na kuona kama aliyeyafungua amekuta maneno au amekuta kifusi. Alama iliyojengwa kwa vifupisho vya siri na mabano yaliyorundikana itampatia mwenye kanuni ukurasa mzuri, na asiye nayo itampa mafumbo. Mhariri wa diwani alipochagua ishara moja, akaipa nafasi pande mbili na kuiweka pale ambapo utao unaanzia, alikuwa amelijibu jambo hilo bila kulitaja.

Faili lake likifunguliwa likiwa ghafi, na kanuni yake imekwisha kupotea pamoja na mashine iliyoibeba, msomaji ataiona mishororo minne, mmoja chini ya mwingine, na katikati ya kila mmoja alama ya asilimia iliyosimama peke yake. Hatajua kwa nini ilichaguliwa. Akiusoma ubeti kwa sauti, ataona kwamba pumzi yake inatua papo hapo.